Meseji si salio

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu, naishi Isyesye hapa Mbeya na watoto wangu wawili. Nimepata uhamisho wa kwenda Songea, mume wangu ameshatangulia. Nimetangaza friji kwa laki nne na nusu na seti ya sofa kwa laki mbili kwenye kundi la Facebook la kuuziana vitu. Jana usiku mtu anayesema yuko Tunduma alikubali vyote bila kuomba punguzo. Leo asubuhi nikiwa darasani ikaingia meseji: "Umepokea Tsh 730,000.00. Salio lako jipya ni Tsh 730,000.00." Akapiga simu, akasema elfu 80 iliyozidi ni ya dereva wa kirikuu, nimrushie dereva aweke mafuta ili jioni aje kubeba mzigo. Sijaangalia salio bado, ila najua nilibakiwa na elfu sita hivi baada ya kununua umeme. Nimrushie? Na hao wengine wanaotaka kuja nyumbani kuangalia vitu, niwapokeeje wakati niko peke yangu? Tangazo langu na picha zake nimevibandika hapa chini. Na vitakavyobaki nikishaondoka, nimwachie dalali?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usirushe hata mia.

Isahihishe hiyo meseji kama unavyosahihisha daftari la hesabu. Ulikuwa na elfu sita. Ukapokea laki saba na thelathini. Salio jipya lilipaswa kuwa laki saba na thelathini na sita na ushee. Mwandishi wako ameweka laki saba na thelathini kamili, kwa sababu hajui simu yako ilikuwa na shilingi ngapi na hana pa kuchungulia. Nilikaa kwenye kibanda cha uwakala pale Kabwe miaka kumi na moja kabla sijahamia kwenye biashara ya mafriji na makabati used, na hilo kosa la salio nimelikuta kwenye simu za watu mpaka nikaacha kuhesabu. Mtu anakuja anahema, anataka kutoa hela, ananionyesha meseji. Namwambia, mama, fungua menyu mwenyewe uangalie salio. Anafungua. Kimya.

Lakini usitegemee tapeli akosee hesabu kila mara. Wajanja wameshajifunza kuacha kutaja salio kabisa. Wengine meseji zao zinakuja kwa jina linalofanana na la huduma yenyewe badala ya namba ya kawaida, na zinakaa kwenye mlolongo uleule wa meseji zako halali. Kwa hiyo kuichunguza meseji ni kazi ya ziada tu. Hela inaonekana sehemu moja, kwenye salio ulilolifungua kwa kidole chako, kwa menyu yako, kwa namba yako ya siri ambayo hakuna aliyekusimamia begani ukiibonyeza. Skrinishoti ya mnunuzi haihesabiki. Meseji iliyo kwenye simu yake haihesabiki. Kelele za "mtandao uko chini, itaingia tu dada" nazo hazihesabiki: kama mtandao uko chini, friji nalo lisubiri.

Sasa tumtazame huyo bwana wa Tunduma, maana umemweleza vizuri kuliko unavyodhani. Umesema hakuomba punguzo. Mwalimu, wewe ni mtu wa huku. Lini umemwona mtu wa Mbeya ananunua friji used bila kuomba hata elfu ishirini ipungue? Nimewauzia wachungaji, nimewauzia maafisa wa benki, wote waliomba. Tena hakuuliza chochote. Mnunuzi wa kweli wa friji anasumbua: linagandisha kwa muda gani, gesi imeshawahi kujazwa, kompresa ni ya kwake au ilibadilishwa, mpira wa mlango unabana, lilikuwa linatumia stabilaiza? Asiyeuliza maswali haya hataki friji. Anachokitaka ni ile elfu 80, na friji lako ni chambo ambacho umemwandalia wewe mwenyewe na picha zake.

Ukikataa leo, usishangae jioni ukapigiwa na sauti nyingine, ya kistaarabu, ikijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja: hela yako imezuiliwa, fuata maelekezo, bonyeza hivi, weka namba ya siri uthibitishe. Hapo ndipo wengi waliokwepa shimo la kwanza wanapodumbukia. Huduma kwa wateja ya mitandao yetu unaipigia wewe kwa namba 100. Haikuombi namba ya siri, wala tarakimu sita zilizoingia kwa meseji. Hizo tarakimu sita mara nyingi ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu ya mtu mwingine. Ukizisoma tu kwa sauti, kesho ndugu zako wote wanaombwa mkopo kwa jina lako.

Namba ya huyo bwana usiifute kwa hasira. Andika neno UTAPELI utume kwenda 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha utaje namba iliyokusumbua. Hata kama hujapoteza kitu, ripoti. Na ingekuwa umeshatuma, ningekuambia uache kusoma hapa upige 100 saa hiyohiyo, kwa sababu hela ya wizi haikai: inarukishwa laini mbili tatu na kutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache. Ikikutwa bado iko kwenye laini, inaweza kuzuiliwa. Baada ya hapo ndiyo unaenda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015 na utapeli wa namna hii umo humo.

Wengine watakuambia, "Si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole? Watakamatwa tu." Ni kweli, mwisho wa usajili ule ulikuwa Januari 20, 2020, na laini ambazo hazikuhakikiwa zilianza kuzimwa. Lakini laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kidole cha bibi wa kijijini aliyeambiwa aweke tena kidole gumba, cha kwanza hakikusoma. Ukipata nafasi bonyeza *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako wewe mwenyewe. Kuna watu wamekuta laini wasizozijua.

Pamoja na upungufu huo, usajili unakupa kitu kimoja cha bure. Anza kama unayetaka kumtumia mnunuzi hela ndogo, shilingi elfu moja. Kabla hujaweka namba ya siri, menyu inakuonyesha jina la mwenye laini. Lisome, kisha futa, usimalize. Kama amejitambulisha kwa jina la kiume na laini inasoma jina la mwanamke, mwulize. Anaweza kuwa anatumia laini ya mke wake, hilo lipo. Sikiliza tu anavyojibu. Kumbuka pia kwamba mlango huo unafunguka pande zote mbili: yeyote mwenye namba yako analipata jina lako kamili kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana mimi kwenye matangazo naweka laini nyingine ya bei rahisi, isiyokaa na hela wala kuunganishwa na benki.

Kuna utapeli ambao hela inaingia kweli, na huu ndio unaonitisha zaidi kwa sababu mtu mwaminifu ndiye anayenasa. Tapeli anachukua picha za friji lako na kulitangaza upya kwenye kundi la Iringa, kwa laki mbili na nusu. Mama mmoja wa Ipogolo analipenda na anaombwa alipe. Namba anayopewa ni ya kwako. Mama anatuma laki mbili na nusu, salio lako linasoma kweli. Dakika hiyohiyo tapeli anakupigia: "Dada, kijana wangu amekosea, alitakiwa atume kishika uchumba cha elfu hamsini tu. Nirudishie laki mbili kwenye namba hii." Wewe umelelewa vizuri, hutaki cha mtu, unarudisha. Tapeli ametoweka na laki mbili, na mama wa Ipogolo kesho yuko polisi na namba moja tu mkononi, yenye jina lako kamili.

Kwa hiyo hela iliyozidi, au iliyoingia usiyoielewa, usiirudishe kwa mkono wako, hasa kwenye namba tofauti na iliyoituma. Iache palepale, piga 100, waeleze, wao ndio wenye utaratibu wa kurudisha miamala iliyokosewa. Na mnunuzi alipe kwa simu aliyoishika, amesimama mbele yako. Akisema "ndugu yangu wa Dar atakurushia", mwambie ndugu amrushie yeye, kisha yeye akulipe. Ataona unamsumbua. Msumbue.

Utaratibu huohuo wa kurudisha miamala una watu wanaoutumia vibaya: analipa, anabeba mzigo, kisha anaripoti kwamba alituma kimakosa. Dawa yake ni ushahidi. Akishalipa, mwambie akutumie meseji kwa namba ileile aliyolipia: "Nimelipa 450,000 ya friji, nimelichukua leo." Pamoja na karatasi ambayo nitaieleza hapa chini, hapo una la kusema ukiulizwa.

Suala la kuwapokea watu nyumbani. Ushauri unaozunguka ni kwamba mkutane mahali penye watu. Kwa simu, pasi, blenda au redio, sawa kabisa. Nenda Kabwe saa sita mchana, au ingia ndani ya ukumbi wa benki pale Uhindini ambako kuna mlinzi na kamera, maliza. Lakini friji huwezi kulibeba kwenye bajaji ukalichomeke stendi, na hakuna atakayenunua sofa asilolikalia. Kwa hiyo watakuja. Unachoweza kuchagua ni wataona nini na watakukuta na nani.

Friji lisibaki jikoni kwenye kona ya ndani. Mwite kijana wa jirani mlisogeze sebuleni, karibu na mlango wa mbele, kama kuna soketi. Sofa nalo lipo hapohapo. Milango ya vyumba ifungwe kwa funguo, si kurudishiwa tu. Mnunuzi hana sababu ya kupita sebule. Akiomba kwenda chooni, mwelekeze cha nje au kwa jirani, bila kuona aibu. Waje wawili mwisho. Miadi iwe kati ya saa nne na saa tisa mchana. Mwezi huu wa Julai hapa kwetu, ikifika saa kumi na moja baridi limeshaingia na kila mtu ana koti na kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Hata shemeji yako ungemwona ungemdhania mwizi, na mwizi ungemdhania shemeji.

Na usikae peke yako, mwalimu. Hili silijadili. Mwalike jirani mje mnywe chai, au mwombe mjumbe wa mtaa apite muda huo. Mjumbe akiwa amekaa kwenye kiti, mazungumzo yanabadilika yenyewe: mtu mwema anatulia, mwenye nia mbaya anakumbuka kwamba ameacha simu kwenye gari. Kirikuu ikifika, ipige picha ya namba ya usajili mbele ya macho yao na umtumie mume wako papo hapo. Sema kwa sauti, "Namtumia baba watoto aone mzigo umepakiwa." Si tusi, ni taarifa.

Usiku wa kuamkia miadi weka bilauri ya maji kwenye frizari. Asubuhi itakuwa barafu, na barafu hiyo inaongea kuliko wewe. Mnunuzi aishike, asikie kompresa inavyowaka na kuzima, ajaribu mlango kwa karatasi, ukiibana haitoki kirahisi maana yake mpira mzima. Chukua video fupi ya zoezi hilo. Kama roho haitulii kabisa kuleta watu nyumbani, kuna njia ninayoipenda zaidi: lipeleke friji kwa fundi wa mafriji unayemwamini, Mwanjelwa wapo wengi, mpe chochote kidogo likae kwake siku mbili limechomekwa. Mnunuzi analiona pale, fundi analisemea, watu wamejaa, na nyumba yako haijulikani ilipo. Utapoteza nauli ya kirikuu. Mimi ningeipoteza.

Rudi kwenye tangazo lako, nimeliona namna ulivyoliandika maana umelibandika chini ya swali. "Nahama tarehe 28, mume ameshaondoka, bei ya kutupa." Futa leo. Kwanza umejishushia bei mwenyewe. Mnunuzi atasubiri tarehe 27 aje na laki mbili. Pili umewaambia watu usiowajua kwamba nyumba ina mama na watoto, tarehe fulani vitu vitakuwa vimefungwa kwenye maboksi tayari kwa kubebwa, na ndani kuna hela za mauzo. Andika aina ya friji, ujazo, miaka uliyolitumia, kasoro yake kama ipo, eneo kwa ujumla, na kwamba kuangalia ni mchana kwa miadi. Basi.

Picha nazo. Hiyo ya sofa inaonyesha vyeti vyako vya chuo vimetundikwa ukutani, jina lote linasomeka. Ya friji inaonyesha mtoto aliyevaa sare ya shule. Watu huhofia sana kwamba picha inabeba mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo huondolewa, ukiituma kama dokumenti ndipo hubaki. Mimi hunihofisha zaidi kinachoonekana kwa macho. Vuta friji mbele ya ukuta mtupu, piga upya.

Hela ya taslimu sikukatazi, ila isilale nyumbani. Kama mnunuzi anakuja na noti, muende wote wawili kwa wakala wa karibu, aziweke moja kwa moja kwenye laini yako. Kuweka ni bure kwako. Na wakala anaishi kwa kushika noti: anazipapasa, anazimulika atafute kile kivuli cha kichwa cha Mwalimu Nyerere, ya bandia anaitupa pembeni kabla wewe hujamaliza kusalimia. Tena mnunuzi ameonwa na mtu wa tatu. Mzigo upakiwe mkirudi, salio likiwa limesoma.

Halafu karatasi. Hati ya mauziano iandikwe nakala mbili, kwa mkono inatosha: tarehe, majina, namba za simu, namba za NIDA, aina ya kitu na namba iliyo kwenye kibandiko cha nyuma ya friji, bei, na sentensi moja kwamba limejaribiwa mbele ya mnunuzi na linafanya kazi. Wewe usaini, yeye asaini, shahidi asaini, ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Mnunuzi mkweli ataipenda kuliko wewe, kwa sababu akisimamishwa njiani na friji juu ya kirikuu ataulizwa amelitoa wapi, na kukutwa na mali inayodhaniwa ya wizi ni kesi. Anayekimbia karatasi, mwache aende. Kitambulisho aonyeshe kwa mkono na wewe uonyeshe chako kwa mkono. Picha ya NIDA yako isipite WhatsApp. Ile namba ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo unagawa zaidi ya unavyodhani.

Kwenye hati hiyo ongeza neno moja la kiufundi: friji lisafirishwe limesimama, na likilazwa, lisimame saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Mafuta ya kompresa hutembea likilala. Mtu analilaza kwenye kirikuu kutoka Isyesye mpaka Mbalizi, anafika analichomeka hapohapo, linakufa, kesho yuko mlangoni kwako anadai hela zake. Ugomvi mwingi ninaouona kwenye biashara hii hauna tapeli ndani yake, una friji lililolazwa.

Kabla ya lolote kutoka, fungua kila droo. Mwaka fulani nilinunua meza ya kujipambia kwa familia iliyokuwa inahama, nikaifikisha dukani, nikavuta droo ya chini: kadi za kliniki za watoto wawili, hati ya malipo ya mshahara, na kadi ya benki ambayo namba yake ya siri ilikuwa imeandikwa nyuma kwa kalamu. Niliwarudishia. Ningeweza nisirudishe. Kama unauza TV ya kisasa, ondoa akaunti zako zote uirudishe ilivyotoka kiwandani, na king'amuzi kiache nje ya biashara au mbadilishe jina kabisa.

Umeniuliza pia kwenye mstari wa mwisho kama umwachie dalali vitakavyobaki, ukishaondoka. Dalali usiyemjua, hapana. Mwachie jirani uliyekunywa naye chai, umwandikie bei ya chini kabisa kwenye karatasi, sofa likae kwake na si kwenye nyumba tupu, na mnunuzi akulipe wewe huko Songea wakati jirani amemsimamia. Ukiona salio, mpigie jirani umwambie aruhusu mzigo upakiwe. Mpigie kwa sauti. Meseji kutoka kwenye namba yako anaweza kuituma yeyote aliyeokota simu yako.

Na bwana wa Tunduma akipiga tena leo jioni, mwambie friji lipo, aje na hela yake mkononi, mjumbe atakuwepo.